Maji yanayopotelea hewani: upime kwa ndoo, beseni, hesabu au nguzo?

Maji ya bwawa yakishuka, wa kwanza kulaumiwa ni jua, wa pili ni fundi. Mwenye nyumba ya wageni Msasani anataka kujua kama bwawa lake la kuogelea linavuja. Mfugaji wa Kongwa anataka kujua kama lambo litamfikisha Novemba. Mwingine bado hajachimba chochote, anauliza tu achimbe kina gani. Wote watatu wanauliza jambo linalofanana, kwamba maji kiasi gani yanageuka mvuke na kuondoka, ila jibu linalomfaa mmoja halimsaidii mwenzake. Wengi hukwama hapo, kwa sababu hushika njia ya kwanza waliyosikia badala ya njia inayojibu swali lao.

Njia zenyewe ni nne: ndoo, beseni la uvukizaji la vituo vya hali ya hewa, hesabu inayotokana na takwimu za hali ya hewa, na nguzo ya kipimo inayosomwa kila siku na kuandikwa kwenye daftari. Kabla ya kuzilinganisha kuna mambo mawili ya kukubaliana.

La kwanza ni kipimo. Uvukizaji hupimwa kwa milimita za kina, na milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Bwawa la mita 10 kwa 5 likipoteza milimita 5 kwa siku, zimekwenda lita 250, na kwa wiki lita 1,750. Lambo la mita 40 kwa 25 kwa kiwango hicho hicho linapoteza lita 5,000 kila siku, ng'ombe hata mmoja hajanywa. Kinachohesabika ni ukubwa wa uso wa maji. Ndiyo maana lambo pana lenye kina kifupi hukauka mapema kuliko jembamba lenye kina, hata kama yote mawili yalianza na maji sawa.

La pili ni kinachosababisha. Jua ni sehemu tu ya habari. Mwaka 1802 Mwingereza John Dalton alieleza kwamba kasi ya uvukizaji inafuata tofauti kati ya mgandamizo wa mvuke (nguvu ambayo mvuke husukuma nayo) pale juu ya maji na ule wa hewa inayopita, na kwamba upepo huiongeza kwa kuondoa hewa iliyokwisha kushiba mvuke. Mkazi wa pwani anaweza kuliona hilo bila kifaa chochote. Februari, wakati wa kaskazi, joto la Dar es Salaam ni kali lakini hewa imejaa unyevu, nguo zinakauka kwa kusuasua. Kusi likishika Juni na Julai joto limepungua, na bado maji ya bwawa lililo wazi upande wa bahari yanashuka vizuri tu. Anayekisia kwa kutazama jua peke yake atakosea misimu yote miwili.

Vigezo nilivyotumia ni hivi: njia inajibu swali gani hasa (uvukizaji peke yake, au pamoja na uvujaji); inagharimu nini; inachukua muda gani kabla ya kukupa jibu la kuaminika; nini kinaidanganya; na inamfaa nani.

NDOO

Inavyofanyika: Chukua ndoo ya lita 20 na uiweke kwenye ngazi ya bwawa ambayo itaacha mdomo wake juu ya maji kwa sentimita chache tu. Tia jiwe ndani isielee. Ijaze maji ya bwawa lenyewe, si ya bombani, mpaka usawa wa ndani ulingane na wa nje. Bandika utepe wa gundi ndani ya ndoo, mwingine nje, kila mmoja ukigusa maji, kisha funga koki ya kujaza bwawa na lile boya lake. Watu wasiogelee. Ukirudi, pima kwa rula umbali kutoka utepe hadi maji, ndani na nje. Maji ya ndani yamepungua kwa uvukizaji tu. Ya nje yamepungua kwa uvukizaji na kwa uvujaji kama upo. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo uvujaji.

Gharama: Ndoo, jiwe na rula ya shule.

Muda: Mafundi wengi husema saa 24. Mimi nasema siku tatu. Rula ya kawaida utaisoma kwa kukosea milimita moja hivi, na katika mteremko wa milimita 5 hilo ni kosa la asilimia 20. Ukisubiri hadi zishuke milimita 15, kosa lile lile linabaki chini ya asilimia 7. Na ukishagundua kuna uvujaji, rudia jaribio mara mbili, pampu ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Maji yakipotea zaidi pampu ikifanya kazi, shuku bomba linalorudisha maji bwawani kabla ya kuanza kubandua vigae.

Inapodanganywa: Ndoo iliyojazwa nusu huukinga uso wa maji dhidi ya upepo, hivyo inavukiza polepole kuliko bwawa, nawe utaona uvujaji usiokuwepo. Mvua ndogo huingia ndani na nje kwa usawa na haiharibu kitu, lakini mvua kubwa inayotiririsha maji ya sakafuni hadi bwawani huharibu kila kitu, anza upya. Kwenye lambo ndoo ina shida nyingine: ukiiweka ukingoni penye maji ya vidole viwili, maji yake yanapata joto kuliko ya katikati.

Inamfaa: Mwenye bwawa la kuogelea, tangi lililo wazi au bwawa dogo la samaki, anayetaka kujua kama kuna tundu. Hakutakuwa na njia ya haraka kuliko hii. Ila inakuambia habari za siku hizo tatu tu. Usiichukue ukaizidisha kwa mwaka.

BESENI LA UVUKIZAJI

Inavyofanyika: Linaloitwa Daraja A lina vipimo vinavyofanana dunia nzima: kipenyo sentimita 120.7, kina sentimita 25 hivi, la bati lisiloshika kutu, limekaa juu ya fremu ya mbao kama sentimita 15 kutoka ardhini ili hewa ipite chini. Maji hujazwa hadi sentimita 5 chini ya ukingo na hayaachwi yashuke zaidi ya sentimita 7.5 kutoka ukingoni. Pembeni kuna kipimamvua. Kila siku, kwa desturi saa tatu asubuhi, msomaji anazungusha skrubu ya kipimo chenye ndoano. Ncha ya ndoano inapanda kutoka ndani ya maji, na pale inapoanza kuutoboa uso, kidoti kidogo cha mwanga kikitokea, anasimama na kusoma. Jicho likizoea, kazi hiyo ni ya dakika moja na ni sahihi kuliko rula mara nyingi.

Inachojibu: Uvukizaji wa beseni, ambao si uvukizaji wa bwawa. Beseni ni dogo, ukuta wake wa bati unapigwa na jua ubavuni, maji yake yanapata joto kali mchana, kwa hiyo linapoteza zaidi ya ziwa. Kwa mwaka mzima watu huzidisha usomaji wake kwa 0.7 hivi ili kupata uvukizaji wa maji ya wazi. Beseni likisema milimita 8, andika 5.6.

Gharama na muda: Hapa ndipo penye mzigo. Bati na mafundi wapo, lakini unahitaji uzio, eneo lisilo na kivuli na, zaidi ya yote, mtu wa kusoma kila siku, sikukuu kwa siku ya kazi. Daftari ambalo kila Jumapili limeandikwa namba ile ile ya Jumamosi si takwimu. Faida yake inaonekana baada ya mwaka, na inakua mwaka wa pili na wa tatu.

Inapodanganywa: Ndege, mbuzi, na mahali pengine nyani, hunywa humo. Ukiweka wavu, unapunguza uvukizaji kwa hadi asilimia 10, nayo lazima ihesabiwe. Mwani ukijaa, maji yanabadili rangi na joto. Na ile 0.7 yenyewe hailali mahali pamoja: beseni lililozungukwa na udongo mkavu mtupu husoma juu kuliko lililo katikati ya majani mabichi, siku hiyo hiyo, wilaya hiyo hiyo. Ziwa lenye kina kirefu huhifadhi joto na kulitoa miezi ya baadaye, kwa hiyo uwiano wa mwezi mmoja mmoja unayumba hata kama wa mwaka umetulia.

Inamfaa: Chuo cha kilimo, skimu ya umwagiliaji, jumuiya ya watumia maji yenye katibu anayelipwa. Mtu binafsi asijitwishe. Afadhali aulize kituo cha hali ya hewa kilicho jirani kama kinalo, akaomba takwimu zake.

HESABU

Kanuni zimegawanyika makundi mawili, na wengi huzichanganya.

Kundi la kwanza linamfuata Dalton na linafaa mabwawa ya kuogelea. Kanuni wanayoitumia sana wahandisi wa mabwawa, nikiigeuza iwe milimita kwa siku, ni hii: jumlisha 3.2 na mara 2.8 ya kasi ya upepo (mita kwa sekunde juu ya maji), kisha zidisha kwa tofauti ya mgandamizo wa mvuke katika kilopaskali. Mgandamizo wa mvuke wa hewa iliyoshiba, kwa kilopaskali, ni 1.60 kwa nyuzijoto 14, 2.34 kwa 20, 3.17 kwa 25, 3.78 kwa 28 na 4.24 kwa 30. Wa juu ya maji unausoma kwa joto la maji. Wa hewa unausoma kwa joto la hewa kisha unazidisha kwa unyevu wake.

Tufanye. Bwawa la Dar, maji nyuzi 28, hewa nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 70: 3.78 kutoa 2.97, inabaki 0.81. Upepo mita 1 kwa sekunde: 6 mara 0.81, karibu milimita 4.9 kwa siku. Sasa Dodoma: hewa nyuzi 30 zile zile, unyevu asilimia 40, maji yamepoa hadi 25. Tofauti ni 1.47, jibu 8.8. Joto la hewa ni moja, upotevu karibu mara mbili.

Mfano wa tatu ndio hushangaza watu. Bwawa lililopashwa moto hadi nyuzi 28 jijini Nairobi, usiku, hewa nyuzi 14 na unyevu asilimia 80, upepo hakuna kabisa. Tofauti ni 2.50, yaani zaidi ya mara tatu ya Dar mchana. Bila upepo inakuwa milimita 8 kwa saa 24, au 4 kwa usiku wa saa 12. Kanuni hii ilipangwa kwa bwawa lenye waogeleaji. La nyumbani lililotulia hukatwa hadi nusu. Kata basi: milimita 2 juu ya mita 50 za mraba ni lita 100. Maji hayo si kitu, ila kila kilo inayovukiza huondoka na megajuli 2.4 hivi za joto, na lita 100 ni sawa na karibu uniti 67 za umeme kama unapasha kwa hita ya kawaida. Kila usiku. Bwawa hilo lisilofunikwa pazia usiku linapasha moto anga la Nairobi.

Kundi la pili ni la Howard Penman, mwanasayansi wa Uingereza ambaye mwaka 1948 aliunganisha nishati ya jua na nguvu ya ukaushaji ya hewa katika kanuni moja, bila kuhitaji kujua joto la uso wa maji. Hili ndilo la malambo na mabwawa makubwa. Afrika Mashariki imelitumia muda mrefu, T. Woodhead wa kituo cha utafiti cha Muguga, nje kidogo ya Nairobi, alitoa makadirio ya Kenya na ya Tanzania mwaka 1968. Leo huna haja ya kuikokotoa kwa mkono. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, inatoa bure programu ya CROPWAT na hazina ya takwimu za vituo iitwayo CLIMWAT. Unachagua kituo cha karibu, programu inakupa mahitaji ya maji ya nyasi rejea (nyasi fupi za kijani zinazotumika kama kipimo cha kulinganishia) kwa kila mwezi. Kwa maji ya wazi yasiyozidi kina cha mita 2, mwongozo wa FAO wa mwaka 1998 unasema zidisha kwa 1.05.

Gharama ni kompyuta na jioni moja. Muda ni huo huo. Uvujaji haiujui kabisa, na hilo ni jema au baya kulingana na swali lako.

Inapodanganywa: Upepo. Kituo cha uwanja wa ndege hupima mahali peupe, pengine mita 10 juu, na bwawa lako liko nyuma ya ukuta wa tofali wenye bougainvillea. Ukiingiza upepo wa uwanja wa ndege kwenye kanuni ya bwawa la nyuma ya ukuta, jibu linaweza kuwa mara mbili ya ukweli. Jambo la pili ni joto la maji, ambalo watu hulikisia badala ya kutumbukiza kipimajoto.

Inamfaa: Yeyote ambaye maji yake bado hayapo, na yeyote anayelipia joto la maji.

NGUZO NA DAFTARI

Inavyofanyika: Simika nguzo yenye alama za sentimita pale ambapo maji hayatakauka hata kiangazi kikuu. Isome kila siku saa ile ile, asubuhi kabla upepo haujaanza kutia mawimbi. Andika kina, mvua, ndoo au pampu zilizochotwa, mifugo iliyokunywa. Kisha ni hesabu ya duka: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Unachoshindwa kukieleza ni uvukizaji pamoja na maji yanayozama ardhini.

Kuvitenganisha hivyo viwili kunawezekana. Panga siku zisizo na mvua wala uchotaji, na mbele ya kila moja andika uvukizaji uliokadiriwa kwa hesabu au beseni. Siku za mawingu na utulivu, uvukizaji ukiwa mdogo kabisa, maji bado yanashuka kiasi gani? Kiasi hicho kinachobaki karibu vilevile kila siku ndicho kinachozama.

Inachojibu: Lambo lako hili, na udongo wake huu, linakwisha kwa kasi gani. Kwa mfugaji hiyo ndiyo habari, hata asipojua nini kimeenda juu na nini kimeenda chini.

Inapodanganywa: Ukubwa wa uso hubadilika. Lambo likishuka, linasinyaa, na sentimita 1 ya Oktoba ina lita chache kuliko ya Juni. Pia kila kosa la mvua au uchotaji hutupwa kwenye uvukizaji. Ziwa Victoria linaonyesha ukubwa wa tatizo hilo. Lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, sehemu kubwa ya maji yake huingia kwa mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja na sehemu kubwa hutoka kwa uvukizaji. Mto Nile pale Jinja unachukua kilichosalia. Tuseme uvukizaji ni milimita 1,500 kwa mwaka na umekosea kwa asilimia 5 tu. Milimita 75 juu ya eneo hilo ni zaidi ya mita za ujazo bilioni 5. Ziwa Turkana ni rahisi zaidi, kwa kuwa halina mto unaotoka: linachopokea, hasa kutoka Mto Omo, kisipoonekana kwenye kina basi kimekwenda hewani, na ni zaidi ya mita 2 kwa mwaka.

Gharama ni nguzo na nidhamu. Muda: kiangazi kimoja kizima. Inamfaa mwenye lambo ambalo tayari lipo.

SASA UCHUKUE IPI?

Kama maji ya bwawa la kuogelea yanashuka na unafikiria kumwita fundi, weka ndoo leo. Tofauti ya ndani na nje ikiwa chini ya milimita 1 kwa siku baada ya siku tatu, usimlipe mtu avunje vigae.

Kama una bwawa la moto Limuru, Arusha au Iringa, ndoo itakupotezea muda. Fanya hesabu ya usiku kwa joto la maji yako na hewa yako, geuza iwe uniti za umeme, kisha ulinganishe na bei ya pazia.

Kama unapanga kuchimba, CROPWAT na ile 1.05 zinatosha kuanzia. Programu ikikupa milimita 5.5 kwa siku, zidisha: karibu 5.8, na kwa siku 150 za kiangazi ni milimita 870. Lambo la kina cha mita 2 limepoteza zaidi ya asilimia 40 ya kina chake kabla ya matumizi yoyote na kabla ya kuzama ardhini. Sehemu kama Dodoma, ambako mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 600, ni heri upunguze upana na uongeze kina, kama udongo unaruhusu.

Lambo likiwa tayari lipo na linakwisha mapema kuliko la jirani, simika nguzo mvua zinapokatika, na katika wiki mbili za mwanzo weka pia ndoo kwenye chelezo kidogo katikati ya maji. Viwili hivyo pamoja vitakuonyesha kama utafute vivuli na vizuia upepo au utafute udongo wa mfinyanzi wa kusiliba chini. Tiba hizo mbili ni tofauti kabisa, na ya pili ni ghali.

Skimu au chuo kinachotegemea namba hizi kila msimu kiweke beseni, kiajiri msomaji, na kiwe na msomaji wa akiba.

Wapo pia wanaoutaka uvukizaji badala ya kuukimbia: wenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo na ya Gongoni, kaskazini ya Malindi. Kwao kanuni za maji yasiyo na chumvi husoma juu, kwa sababu kadiri maji yanavyokolea chumvi ndivyo yanavyovukiza polepole. Watumie beseni dogo kando ya kila jaruba, wakilijaza maji ya jaruba hilo hilo, na walisome asubuhi kabla ya kufungulia maji mapya.